Jini hatoi bure

Katika dunia aliyoibuni mwandishi Nnedi Okorafor, pesa hazichapwi benki. Zinaanguka kutoka juu, miguuni pa mtu, kila anapojifunza jambo. Ukielewa somo lililokuwa linakutoa jasho, zinadondoka. Ukikosea, kosa likakufungua macho, zinadondoka vilevile. Zinaitwa chittim, vipande vya madini vilivyopinda, na thamani yake ni kinyume cha tulivyozoea: vya shaba ndivyo vikubwa na vya thamani kuliko vyote, vya dhahabu ndivyo vya mkiani. Mvivu wa kusoma katika dunia hiyo hana hata nauli, awe mtoto wa waziri au wa nani.

Hiyo ni Akata Witch, riwaya iliyotoka mwaka 2011. Mpwa wangu aliye kidato cha pili ndiye aliyeniletea. "Mjomba, soma," aliniambia, "halafu usiseme tena hivi ni vitabu vya watoto." Nilisoma, nikaomba kingine, kisha kingine. Sasa meza yangu imejaa wachawi, majini, wafalme dhalimu na mabinti wanaopigana kwa fimbo. Wachapishaji wa Marekani na Uingereza wana rafu yao maalumu ya vitabu hivi, rafu ya vijana wa miaka 12 hadi 18 hivi, ingawa watu wazima wanaovisoma kwa kisingizio cha wapwa zao si haba.

Vingine vimenifanya nikeshe. Vingine nimevimaliza kwa kumwonea aibu mpwa wangu tu. Na baada ya kuvichanganya vyote naona tofauti yao iko mahali pamoja: uchawi wa humo unadai nini? Sisi tuliolala na ngano masikioni tunalijua swali hili. Jini wa ngano zetu hatoi bure. Akikupa pete atakukataza jambo: usifungue chumba cha saba, usimwambie mkeo, usigeuke nyuma. Wala hadithi yenyewe hainogi jini anapotoa, inanoga sharti linapovunjwa. Riwaya nilizozipenda zote zina sharti. Zilizonichosha zina mteule, yaani mtoto aliyezaliwa na nguvu zake tayari, kazi yake ni kungoja mzee mwenye ndevu aje amwambie.

Nirudi kwa Okorafor, maana ndiye aliyenikamata zaidi. Sunny Nwazue ana miaka 12. Wazazi wake ni Waigbo, yeye amezaliwa New York, na familia imerudi Nigeria alipokuwa na miaka 9. Wanaishi Aba. Sunny ana ualbino. Mapema kabisa katika kitabu mwalimu anamkabidhi fimbo awachape wenzake darasani, kwa kuwa insha yake ndiyo iliyofanya vizuri. Mtoto anashindwa. Masomo yakiisha, wenzake haohao wanamngoja nje wamalize hasira zao juu yake. Aliyepita shule ya msingi huku kwetu hahitaji kuelezewa harufu ya darasa hilo.

Anayemwokoa ni Orlu, mvulana ambaye herufi zinamchezea machoni akisoma. Kupitia kwake Sunny anamjua Chichi, anayeishi na mama yake katika kibanda kilichojaa vitabu hadi darini, na baadaye Sasha, kijana wa Chicago ambaye wazazi wake wamemleta Nigeria kwa sababu ya utundu. Wote ni Watu wa Chui, jamii ya siri yenye uganga, maktaba na sheria zake. Kila mmoja wao ana kitu ambacho shule za kawaida zingekiita kasoro, na kitu hichohicho ndicho kinachogeuka kuwa uwezo wake. Orlu asiyeziweza herufi anaweza kufungua uchawi wowote uliofungwa na mwingine. Sunny, ambaye watu humtazama kama aliye nusu huku nusu kule, anaweza kweli kupita upande wa pili na kurudi.

Na sharti liko wapi? Sunny hana ruhusa kumwambia mtu yeyote asiye Mtu wa Chui, hata mama yake mzazi. Usiku anatoka, asubuhi anadanganya, na baba yake ni mkali asiyependa maswali wala majibu. Katika kitabu cha pili, Akata Warrior cha mwaka 2017, analivunja sharti hilo kwa ajili ya kaka yake aliyenaswa na genge la wanafunzi chuoni. Tungetazamia asamehewe, kwani alikuwa anaokoa ndugu. Hasamehewi. Anafungiwa chini ya jengo la maktaba, gizani, na humo gizani kuna jini. Sura hiyo niliisoma usiku wa umeme kukatika, jambo ambalo simshauri mtu.

Ila msomaji wa Mwanza au Geita hawezi kukisoma kitabu hiki kama msomaji wa London. Adui wa Sunny ni mtu anayeitwa Black Hat Otokoto, anayeteka watoto kwa ajili ya uganga wake. Kule London hiyo ni fantasia. Huku ni habari ya saa mbili usiku. Kuanzia mwaka 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yalitikisa Kanda ya Ziwa, yakichochewa na waganga walioaminisha watu kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa na machozi bungeni akilizungumzia suala hilo. Tukadhani yamepita. Mwaka 2024 mtoto wa kike ambaye hata miaka mitatu hakuwa ameifikisha aliibwa nyumbani kwao Muleba, mkoani Kagera, na akauawa.

Kwa hiyo niliposoma kwamba Okorafor amemfanya mtoto mwenye ualbino kuwa mwindaji wa mteka watoto, nilikiweka kitabu chini kidogo. Mwandishi ameuchora mpaka mahali penyewe. Chittim zinapatikana kwa kujifunza, na anayejifunza analipa mwenyewe, kwa jasho na kwa aibu ya kukosea. Otokoto anataka njia ya mkato, na njia hiyo inapita mwilini mwa mtoto wa mwenzake. Anayeuliza kama vitabu vya uchawi vinawafunza vijana ushirikina aanze kujibu hapo.

Nina ugomvi mmoja na Okorafor. Sunny anapenda mpira kuliko chakula, lakini kwa ngozi yake anacheza jioni tu, jua likishatua. Baada ya kuingizwa katika Watu wa Chui, jua haliunguzi tena. Mwavuli wake mweusi anauweka pembeni na kuingia uwanjani mchana kweupe. Najua kwa nini mwandishi amefanya hivyo, na bao lake katika tamasha la Zuma nililishangilia kwa sauti. Bado naona hapo amelegeza. Watoto wenye ualbino wa Tanzania hawana uganga huo. Wana kofia pana, nguo za mikono mirefu, na mafuta ya Kilisun yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, na saratani ya ngozi haiwaonei huruma wasioyapata. Ningempenda Sunny zaidi kama angefunga bao akiwa na kofia yake.

Njia ya mkato inayopita mwilini mwa mtoto inajitokeza tena, kwa ukatili zaidi, katika The Gilded Ones ya Namina Forna, aliyezaliwa Sierra Leone na kukulia Marekani. Kitabu hicho kilitoka mwaka 2021. Deka ana miaka 16, na kijijini kwao kila msichana wa umri huo anachanjwa mbele ya watu ili damu yake ithibitishwe kuwa nyekundu. Yake inatoka ya dhahabu. Wazee wanamhukumu kifo, lakini Deka hafi kirahisi. Wanamuua, anafufuka, wanamuua tena. Kisha wanagundua faida. Wanamfungia chini ya hekalu na kumkinga damu, wakaiuze. Wazee haohao, wakitoka hapo, wanaongoza ibada. Kurasa hizo za mwanzo ni kali na zinauma panapotakiwa. Baada ya hapo Deka anapelekwa kambi ya jeshi, na kitabu kinaanza kujieleza mno: kila siri inapofumbuliwa, mhusika mmoja anasimama na kutuhutubia kama katibu kata. Sikufuata juzuu mbili zilizobaki.

Kitabu kilichotangazwa kuliko vyote ni Children of Blood and Bone cha Tomi Adeyemi, Mmarekani wa wazazi wa Kinigeria, cha mwaka 2018. Katika nchi ya Orïsha mfalme Saran amewaua wenye uganga wote usiku mmoja, akiwamo mama yake Zélie, na watoto waliobaki wanatambulika kwa nywele zao nyeupe. Miungu ni ile ya Wayoruba, na maneno ya uganga yanasemwa kwa Kiyoruba. Mwandishi ameeleza mwenyewe kwamba alikiandika akiwa na hasira juu ya watu weusi waliouawa na polisi Marekani, na hasira hiyo inasikika vizuri katika matukio ya askari wanaokusanya kodi isiyolipika. Tatizo ni kasi. Wasimulizi watatu wanapokezana sura fupifupi, kila sura inaishia mtu akiwa hatarini, na ukifika ukurasa wa 300 umeshachoka kuhofia. Zélie na Inan, mwana wa mfalme aliyekuwa anamwinda, wanapendana kwa haraka ambayo mshenga yeyote wa pwani angeitilia shaka. Mpwa wangu anakipenda sana. Tulibishana mpaka wali ukapoa.

Tulipokubaliana ni kwa Raybearer cha Jordan Ifueko, cha mwaka 2020, naye pia ni Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Hiki hakikupigiwa ngoma kama kile cha Adeyemi, na nasema wazi kwamba kimekizidi. Tarisai analelewa porini, katika nyumba ambayo macho ya wapita njia hayaioni. Ana walimu wa kila somo. Hakuna anayethubutu kumgusa, kwa sababu mkono wake ukigusa mtu au kitu unachota kumbukumbu zake. Mama yake, anayeitwa Bibi tu, anakuja mara chache na kuondoka. Baba yake ni jini.

Tena jini wa matakwa matatu, yule tunayemjua. Bibi alimkamata akamtumikisha, na takwa la tatu alilihifadhi tumboni: mtoto atakayezaliwa atalazimika kutimiza amri moja atakayopewa. Amri yenyewe ni hii. Tarisai aende mji mkuu, ashindanie nafasi katika baraza la watoto 11 watakaofungamanishwa na mwana wa mfalme, ampende kijana huyo kwa moyo wote, kisha amuue. Baraza hilo lina maana yake. Kila anayeingia humo anamkinga mwana wa mfalme dhidi ya aina moja ya kifo, huyu sumu, yule maji, yule moto, hadi inafika mahali hakuna kinachoweza kumuua isipokuwa uzee au mkono wa mmoja wa hao wanaompenda. Kwa hiyo upendo wa Tarisai si kikwazo cha amri ya mama yake. Ndiyo njia yake.

Nilipokuwa nakisoma, Adili alikuwa ananijia kichwani kila mara. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, liwali wa Janibu anaonekana kila usiku akiwachapa manyani wawili, kisha anawalisha na kulia nao. Habari inamfikia mfalme Rai. Manyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake wa tumbo moja, waliomtosa baharini kwa wivu. Aliyewageuza ni jini wa kike ambaye Adili aliwahi kumtendea wema, na sharti lake ni kwamba Adili awachape usiku hata usiku, asiache. Tuliisoma shuleni tukaambiwa ni hadithi ya uadilifu, tukaandika dhamira na maudhui, tukafaulu. Hakuna mwalimu aliyetuuliza swali ambalo kijana wa miaka 15 angelitaka: unafanyaje jini akikulazimisha kumwumiza mtu unayempenda, na ukikataa atakuumiza wewe? Ifueko ameliandikia swali hilo vitabu viwili. Cha pili ni Redemptor, cha mwaka 2021, na hadithi inaishia hapo, jambo la kushukuru katika rafu ambayo kila hadithi inavutwa mpaka ifike juzuu tatu.

Kuhusu Tarisai, mpwa wangu alisema kwa ufupi kuliko mimi. "Mjomba, mama yake hakumpiga hata siku moja. Ila bora angempiga."

Nikafunga na kizee cha rafu hii, A Wizard of Earthsea cha Ursula Le Guin, mwaka 1968. Nilikuwa nimekiahirisha kwa miaka. Ni kitabu chembamba, hakina jeshi wala mfalme wa kupinduliwa, na mapenzi ndani yake ni kama hakuna. Ged ni mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, mwenye ngozi ya kahawia iliyoiva. Rafiki yake Vetch ni mweusi. Le Guin alikuwa mwanamke Mzungu akiandika Marekani ya miaka ya 1960, na alifanya hivyo makusudi. Wachoraji wa majalada walimpinga kwa brashi zao, na mwaka 2004 filamu ya televisheni ilipomfanya Ged kuwa Mzungu alilalamika hadharani kwa maandishi.

Ged anapelekwa shule ya wachawi katika kisiwa cha Roke, karibu miaka 30 kabla Harry Potter hajapanda treni. Anajifunza kwamba kukitawala kitu ni kulijua jina lake la kweli, na kwamba kila tendo la uchawi linagusa mizani ya dunia. Analijua hilo kama mwanafunzi anavyojua jibu la mtihani. Halafu mwenzake mmoja anamchokoza kwa maneno ya dharau, na Ged, kwa kiburi tu cha ujana, anaiita roho ya mfu. Kitu kingine kinapenya katika ufa huo, kivuli kisicho na jina, kinamrarua uso, na mkuu wa shule anakufa akiuziba. Makovu yanabaki. Kilichobaki cha kitabu ni kijana na kivuli chake katika mashua ndogo, mmoja akimkimbia mwenzake, kisha mmoja akimwinda mwenzake. Katika vitabu vyote nilivyotaja hakuna pengine ambapo kosa la kijana lina uzito kama huu, wala pengine ambapo mwandishi anamheshimu msomaji wake kijana kiasi hiki.

Mama mmoja mtaani kwetu aliona kifurushi changu cha vitabu akaguna. "Vya uchawi hivyo mimi sivitaki ndani ya nyumba yangu." Sikubishana naye, yaliyotokea Muleba yanatosha kumtia mtu hofu. Ila televisheni yake inaonyesha filamu za Kinigeria kuanzia saa kumi jioni, na humo majini yanatoka chooni bila sharti lolote, yanamwaga noti na kuondoka. Kama ni kuchagua, mimi ningemwachia binti yangu Ged.

Na si kweli kwamba mambo haya ni mageni katika Kiswahili. Safari za Gulliver na Mashimo ya Mfalme Sulemani vilisomwa na babu zetu. Alice wa Lewis Carroll alitafsiriwa mwaka 1940 akaitwa Elisi, na wachoraji wakamfanya msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alimtafsiri upya kama Alisi. Shaaban Robert alituinulia Kusadikika hewani. Katama Mkangi alitupa Walenisi mwaka 1995. Lakini mtoto wa miaka 14 anayetaka leo riwaya nene ya ajabu kwa Kiswahili, iliyoandikwa kwa ajili yake na si kwa ajili ya mtihani, atazunguka maduka mengi ya vitabu na kutoka na kamusi. Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya kiada, na siwalaumu kwa kutaka kula. Nawalaumu kwa kudhani kwamba kijana anasoma kwa kulazimishwa tu. Wakitaka pa kuanzia, wanunue haki ya kumtafsiri Sunny.

Kwa waandishi nina ombi jingine. Fumo Liyongo, shujaa wa utendi, hakuwa anauawa na chuma chochote isipokuwa sindano ya shaba, kitovuni. Siri hiyo maadui zake waliipata kupitia mwanawe, kijana aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme, naye ndiye aliyemchoma baba yake usingizini. Utendi unamfuata Liyongo hadi kisimani, amepiga goti na upinde mkononi, watu wakiogopa kuteka maji kwa kudhani yu hai. Kijana yule tunapita naye haraka, tunamlaani na kumwacha. Alikuwa na umri gani? Aliambiwa nini, na nani, na usiku ule alikaa muda gani na sindano mkononi? Kuna riwaya nzima hapo, yenye sharti, usaliti na mapenzi ya uongo, na haimhitaji mungu wa Kiyoruba hata mmoja. Anayeweza aiandike. Na mchapishaji atakayeipokea ampe kurasa 300, asimdai maswali ya zoezi mwishoni mwa kila sura.